Mbegu ya Pamba Ijaribiwe Kwetu Kwanza

*Ifuatayo ni mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya wakulima kutoka mabonde ya Iringa na Mbeya, katika semina ya siku moja iliyofanyika Mlandege, mjini Iringa. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuwa na mwakilishi viweze kuisoma na kuijadili.*



Nimepewa saa moja, nami nitajitahidi nisiizidishe kwa sababu wengine wenu mnarudi Pawaga na Idodi leo leo. Viongozi wa vikundi vitatu wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Wanasema: "Tunataka kulima pamba kwenye ardhi yetu isiyofikiwa na mifereji. Tumesikia Kanda ya Ziwa wana mbegu nzuri. Tumesikia pia kwamba ng'ambo ya Tunduma mbegu inapatikana kwa bei nafuu. Je, tuchange fedha tuagize magunia kadhaa?"

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitaeleza sababu zake. Msichange fedha kununua mbegu ambayo haijathibitishwa na haijajaribiwa katika bonde lenu, hata kama ni nzuri kiasi gani huko inakotoka. Fedha hizo na nguvu hizo ziwekeni katika kujaribu. Mbegu ya pamba hutengenezwa kwa ajili ya mahali, na nyuma ya kila mbegu inayosifiwa kuna watu walioichagua kwa miaka mingi katika udongo wao, mvua zao na wadudu wao.

Iringa ni mbili

Hapa Mlandege tulipo ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai kila mmoja hapa anavaa koti. Pamba haiwezi kuvumilia hali hiyo. Ukipanda hapa itaota na kutoa majani, lakini vitumba vitachelewa, na baridi itavikuta havijakomaa. Teremka sasa kuelekea Pawaga. Unafika chini ya mita 1,000, joto ni kali, mvua huanza Desemba na kwisha Aprili, na kabla ya hapo na baada ya hapo ni jua tupu. Joto hilo pamba inalipenda. Tatizo ni ufupi wa mvua.

Jambo hili ninyi mnalijua tayari kwa upande wa mahindi. Mbegu ya UH6303 iliyotoka Uyole inasifiwa sana na wakulima wa nyanda za juu, na wanastahili kuisifu. Lakini hakuna mzee wa Pawaga atakayeipanda kwenye shamba la mvua akategemea kuvuna, kwa sababu mvua itamwacha mahindi yakiwa bado yanachanua. Hakuna anayesema kwamba Uyole walikosea. Tunasema mbegu ile ilitengenezwa kwa ajili ya Mufindi na Njombe. Basi tuitazame pamba kwa jicho hilo hilo.

Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania hulimwa Kanda ya Magharibi, yaani Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita, Tabora na mikoa jirani. Mbegu za huko zimetoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, ndiyo maana majina yake huanza na UK: UK77, UK82, UK91, na baadaye UKM08. Mkoa wa Iringa huhesabiwa katika Kanda ya Mashariki pamoja na Morogoro, Pwani, Tanga na Kilimanjaro. Kanda hiyo ilihudumiwa na kituo cha Ilonga, Kilosa, na mbegu zake zilianza na IL: IL74, IL85. Kuwa na vituo viwili katika nchi moja kulikuwa na sababu. Kule Ziwa mkulima hupanda mvua zinapoanza mwezi Novemba na Desemba. Kilosa pamba hupandwa kuelekea masika. Majira yakitofautiana, wadudu nao hufika mmea ukiwa na umri tofauti, na mbegu lazima itofautiane.

Pamba ya amri na pamba ya kuchagua

Historia ya nchi yetu ina somo chungu kuhusu zao hili. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Aliyeagiza hakuuliza kama ardhi inafaa wala kama watu watakula nini. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza, vikafika hadi Ungoni na Ubena. Kulikuwa na sababu nyingi za vita vile, lakini pamba ya amri ilikuwa mojawapo.

Majirani zetu wa Uganda walianza kwa njia nyingine. Mwaka 1903 Kampuni ya Uganda, iliyoanzishwa na marafiki wa misheni ya Anglikana, iliagiza mbegu za aina kadhaa kupitia meneja wake Kristen Borup, zikagawiwa kwa machifu. Watu walilima kwa bidii. Lakini aina zile zilichanganyikana shambani na kwenye mashine za kuchambua, nyuzi zikawa ndefu na fupi ndani ya robota moja, na wanunuzi wa Uingereza wakalalamika. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikaingilia kati: mashine za mkono zikaondolewa, na mbegu ikawa ya aina moja. Kumbe hata mbegu nzuri tano zikichanganywa huzaa pamba moja mbaya.

Kazi ya kuchagua kwa makini ilikuja baadaye. Miaka ya 1920, huko Barberton, Afrika Kusini, wakulima walikuwa wanakata tamaa kwa sababu ya chawa jani, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza majani mpaka yanajikunja na kuwa mekundu. Mtafiti F. R. Parnell aliona kwamba mimea yenye manyoya marefu kwenye majani haikushambuliwa sana. Akaichagua, na mojawapo ya chaguo zile, iliyoitwa U4, ikaokoa kilimo cha pamba katika sehemu nyingi za kusini mwa Afrika. Ukiriguru nao walifuata njia hiyo, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa na pamba ya manyoya inayofaa Usukuma.

Huko Uganda, kituo cha Namulonge kilichoanzishwa karibu mwaka 1950 kilipambana na ugonjwa wa bakteria unaotia madoa kwenye majani na kufanya matawi kuwa meusi. Kutokana na pamba iliyoitwa Allen, iliyotoka Nigeria, walipata aina iliyovumilia ugonjwa huo wakaiita Albar. Albar ilisafiri hadi nchi za kusini, na huko watafiti hawakuigawa tu kama ilivyokuja. Waliipanda, wakachagua upya ndani yake mimea iliyofaa kwao, na chaguo hizo ndizo zilizofika kwa wakulima. Huo ndio utaratibu ninaoutetea leo.

Mbegu mpya hupatikanaje

Wengi hudhani mbegu mpya hutoka maabara kama dawa. Hapana, hutoka shambani, kwa mikono ya watu wenye subira.

Ua la pamba hufunguka asubuhi moja tu. Asubuhi ni jeupe au la njano hafifu, kesho yake limekuwa la waridi na kazi yake imekwisha. Kwa hiyo mtafiti huenda shambani jioni ya kuamkia siku hiyo, hulifungua ua changa, huondoa sehemu za kiume kwa uangalifu, hulifunika. Asubuhi huleta chavua kutoka mmea mwingine aliouchagua kuwa baba. Kama anataka ua lijichavushe lenyewe bila nyuki kuingilia, hulifunga ncha kwa uzi. Baada ya siku 50 hivi kitumba hufunguka, na ndani yake kuna mbegu kama 30.

Mbegu hizo zikipandwa, kizazi cha kwanza hufanana. Kizazi cha pili kila mtoto ana sura yake: mrefu, mfupi, mwenye manyoya, asiye na manyoya, wa kuwahi, wa kuchelewa. Hapo ndipo kazi inapoanza. Pamba ya kila mmea mzuri huvunwa kwenye mfuko wake, huchambuliwa peke yake, nyuzi hupimwa urefu na nguvu, na mwaka unaofuata mmea huo hupewa mstari wake shambani. Mistari mibaya hutupwa, mizuri huendelea. Baada ya vizazi vitano au sita mstari unatulia, watoto wote wanafanana na mama. Kisha hupelekwa kujaribiwa sehemu mbalimbali, na Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, huikagua kabla haijaruhusiwa. Kwa jumla ni miaka minane hadi kumi, au zaidi.

Sasa zingatieni hili: kila mwaka katika miaka hiyo kumi, jua na mvua za pale kituoni ndizo zinazosaidia kuchagua. Mmea usioweza mvua za Ukiriguru hutupwa Ukiriguru. Inawezekana kabisa kwamba katika mimea iliyotupwa kule kulikuwa na mmoja ambao ungeifaa Pawaga.

Tunataka mbegu ya namna gani?

Mtafiti akija leo kutuuliza tunataka nini, tusimjibu "tunataka mbegu bora". Hilo halimsaidii. Mimi ningemjibu hivi kwa niaba ya mabonde yetu.

Kwanza, iwahi. Mvua yetu ni ya miezi minne au mitano. Vitumba vya chini viwe vimejaa kabla mvua haijakatika.

Pili, ivumilie chawa jani. Lakini tujue kwamba manyoya yana gharama. Majani yenye manyoya mengi hupendwa na nzi weupe, na vipande vya majani makavu hung'ang'ania kwenye nyuzi, pamba ikaonekana chafu. Tunahitaji manyoya ya kiasi.

Tatu, vitumba vifunguke vizuri. Hapa nawageukia akina mama. Ninyi ndio mnaochuma. Mnajua aina ambayo kitumba chake hufunguka wazi pamba ikatoka kwa mkupuo mmoja, na aina ambayo maganda yake huchoma vidole na pamba hung'ang'ania ndani. Tofauti hiyo huonekana kwenye mikono na kwenye kilo za siku. Mtafiti akija, asiongee na mwenye shamba peke yake. Apelekwe kwa wachumaji.

Nne, nyuzi. Mkulima hulipwa kwa uzito wa pamba mbegu, yaani pamba ikiwa bado na mbegu ndani. Mwenye kinu huuza nyuzi. Chukueni mfano: aina ya kwanza inatoa kilo 1,000 kwa shamba, na kila kilo 100 hutoa nyuzi kilo 34. Utapata nyuzi kilo 340. Aina ya pili inatoa kilo 900 tu, lakini kila kilo 100 hutoa nyuzi kilo 40. Hiyo ni nyuzi kilo 360. Kwa mwenye kinu aina ya pili ni bora. Kwa mkulima anayelipwa kwa kilo, aina ya kwanza ni bora. Vikundi vikijadiliana bei na mnunuzi, lazima vijue mbegu yao inatoa nyuzi kiasi gani, la sivyo faida ya mbegu mpya itabaki kwa mwingine.

Kwamba nyuzi si jambo dogo, Burkina Faso inatufundisha. Mwaka 2008 wakulima wa nchi hiyo walianza kupanda kibiashara pamba iliyobadilishwa vinasaba ili ijikinge na funza wa vitumba. Dawa zilipungua, mavuno yalikuwa mazuri. Lakini nyuzi zikawa fupi kuliko zile za aina zao za zamani, na sifa ya pamba yao sokoni ikashuka. Kufikia 2016 kampuni za pamba za nchi hiyo ziliiacha. Sitaki leo tubishane juu ya vinasaba. Ninachosema ni kwamba mbegu ilitatua shida moja na kuleta nyingine, na shida hiyo ya pili ilionekana wazi baada ya sehemu kubwa ya nchi kuipanda.

Gunia la mbegu ndani ya basi

Nirudi kwenye mbegu ya ng'ambo ya Tunduma. Kuna funza mwekundu wa vitumba, adui wa pamba katika nchi za kusini mwetu. Huyu hula pamba na jamaa zake wa karibu tu. Msimu ukiisha hujichimbia ardhini, hulala kama buu kwa miezi, na pamba ikichanua tena yupo. Kwa sababu yake, serikali kwa miaka mingi ilizuia kilimo cha pamba katika ukanda wa kusini unaopakana na Msumbiji, Malawi na Zambia, ili asifike Kanda ya Ziwa. Wakulima wengi wa kusini walinyimwa zao hili ili wenzao walindwe. Funza huyo akipandishwa basi pamoja na magunia na mabaki ya vitumba kutoka mpakani, sadaka yao itakuwa bure.

Na msidhani mbegu ya Kanda ya Ziwa isiyothibitishwa ni salama zaidi. Kule kuna mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa kuvu unaokaa kwenye udongo miaka mingi, na unaweza kusafiri ndani ya mbegu. Ugonjwa wa bakteria nao husafiri hivyo hivyo. Funza wa rangi ya waridi huweza kujifungia ndani ya mbegu yenyewe, na kwa macho huoni kitu. Udongo ukishapata fuzari, hautaoshwa kwa maji wala kwa dawa. Mtakuwa mmenunua ugonjwa kwa fedha zenu wenyewe, na watoto wenu ndio watakaoendelea kulipa.

Tufanye nini msimu huu?

Nimalizie kwa mambo manne ambayo kikundi chochote kinaweza kuyafanya.

La kwanza, ulizeni kabla ya kupanda. Nendeni kwa afisa ugani na Bodi ya Pamba, mjue eneo lenu linaruhusiwa kulima pamba na ni mbegu gani iliyoidhinishwa. Jibu liombeni kwa maandishi.

La pili, ombeni majaribio. Andikeni barua kwa TARI Ilonga na TARI Uyole mkisema: tunayo ardhi, tunao watu, leteni mistari yenu muijaribu hapa. Barua ya vikundi kumi vilivyokubaliana ina uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Wakileta, jaribio liwe la haki. Aina zote zipandwe siku moja, kwa nafasi ile ile, kwenye udongo ule ule. Kila aina irudiwe mara tatu sehemu tofauti za shamba, ili kipande chenye rutuba kisije kikamdanganya mtu. Pimeni mchumo wa kwanza peke yake na wa pili peke yake; wa kwanza ndio utakaoonyesha kama mbegu inawahi. Andikeni tarehe za mvua. Fanyeni hivyo angalau misimu mitatu, maana mwaka mmoja wa mvua nzuri humsifu kila mtu.

La tatu, bonde moja mbegu moja. Mkishakubaliana aina, asiwepo mtu wa kuchanganya. Nyuki hawajui mpaka wa shamba, na kinu hakijui gunia la nani. Anayechanganya anaharibu mbegu ya jirani yake ya mwaka kesho.

La nne, ng'oeni na kuchoma miti ya pamba mara baada ya kuvuna, kabla ya tarehe inayotangazwa, na msiache maotea. Mbegu iwe bora namna gani, maotea ya shamba moja la mvivu yanatosha kuwalisha wadudu wa kijiji kizima mpaka msimu mwingine.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: miaka mitatu ya kujaribu, na ada ya shule inadaiwa Januari. Neno hilo ni la kweli na sina namna ya kulipunguza. Kwa hiyo simwambii mtu aweke shamba lake lote kwenye jaribio. Mtama wenu na uendelee, mpunga wenu uendelee. Robo ekari ya kikundi inatosha. Hasara ya robo ekari kikundi kinaweza kuibeba. Hasara ya mbegu mbaya katika bonde zima hakuna atakayeibeba.

Wale waliochagua mimea ya manyoya huko Barberton na Ukiriguru walianza kwa kutembea shambani na kuuliza kwa nini mmea huu mmoja umebaki kijani wakati mingine imejikunja. Swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji mtu anayelijua shamba lake na anayeandika anachokiona. Watu hao wamekaa mbele yangu.